Kalamu Nyekundu ya Bawabu

"Haya, Kiraka, macho yako elfu yameamkaje leo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Kufuli kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini. Na Kiraka naye sio mtu wa kunyamaza.

"Yameamka salama, yanakuona unavyochelewa kazini."

Basi hapo siku imeshaanza. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara ya hospitali. Dirisha moja, feni moja inayolalamika, na kompyuta kubwa mbili za kutunzia mafaili zimekaa juu ya meza ya zamani ya kupimia watoto uzito. Watu wawili, kazi moja: kompyuta za hospitali ziende, na mafaili ya wagonjwa yasionwe na asiyehusika. Huyu dada walimwita Kiraka kwa sababu dawa yake ya kila kitu ilikuwa hiyo hiyo, kompyuta ikionekana ina tundu, "tuweke kiraka." Mwenzake akaitwa Kufuli kwa lundo la funguo linalocheza kiunoni mwake, na kwa msimamo wake pia.

Maana Kufuli alikuwa mtu wa mifumo ya kufungwa. Ile mifumo ya kuendeshea kompyuta inayotengenezwa na kampuni, ndani huruhusiwi kuchungulia, ukipata shida unawapigia wenyewe. Kiraka alikuwa mtu wa mifumo ya wazi. Hiyo maandishi yake yote ya ndani yamewekwa hadharani, mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma, akaona penye kasoro, akaleta marekebisho.

"Mlango ambao kila mwizi anajua komeo limekaa wapi," Kufuli alikuwa anasema, "huo sio mlango, ni pazia."

"Na wewe umekabidhiwa sanduku limepigwa misumari, ndani hujui kuna nini, halafu unalala unakoroma."

"Nakoroma kwa raha zangu, dada."

Wakacheka, wakaendelea na kazi. Walipendana hawa, msije mkadhani vingine.

Miezi minane nyuma mabishano hayo yalitoka ofisini yakaingia kwenye kikao. Mganga mkuu alitaka hospitali nzima ihamie mfumo mmoja, akawaita wote wawili wajieleze. Kufuli akasema yake. Kiraka akasimama.

"Kule analinda mtu mmoja, na hamuwezi kumuuliza amelindaje. Huku ni macho elfu. Tundu likitokea, lazima kuna mtu ataliona." Halafu akaweka la mwisho, lile lililommaliza Kufuli kabisa: "Na yule anayelinda mlango wenyewe namjua. Ni mjomba wangu."

Kikao kizima kiliangua kicheko, lakini ilikuwa kweli tupu. Mjomba, kaka wa mama yake, alikuwa fundi wa simu. Miaka kumi na tisa iliyopita alikaa mezani kwake akaandika kiprogramu kidogo, akakipa jina Bawabu. Kazi ya Bawabu ni ile ile ya bawabu yeyote: unakuja, anakuuliza wewe nani, unampa jina na neno la siri, anakufungulia au anakufukuza. Akakiweka hadharani, bure. Watu wakakipenda. Mmoja akakichukua, wa pili akakichukua, mwisho kikaingia ndani ya mfumo wenyewe, kikaenda popote mfumo ulipokwenda. Mzee akastaafu kazi ya simu, Bawabu hakustaafu. Mtu akileta mabadiliko kutoka kona yoyote ya dunia, yanakuja kwa Mjomba, anasoma, akiridhika anaruhusu.

Na alikuwa na utaratibu wake huyo mzee. Hakusoma kwenye kioo. Anatoa kwenye printa, anakaa na rula na kalamu nyekundu. Rula inashuka mstari mmoja mmoja, kalamu inatia alama pembeni, mwisho kabisa anaandika neno moja, "Nimesoma," na tarehe, karatasi inaingia kwenye jalada.

"Mjomba, si usome tu kwenye kompyuta kama watu?" Kiraka alimuuliza siku moja, ana miaka kumi na moja. Alikuwa anaishi kwake tangu mama yake alipofariki, na sauti ya ile printa ndiyo iliyomlea.

"Kioo kinanitia haraka, mpwa wangu. Karatasi haina pa kwenda."

Basi hospitali ikahamia mfumo wa wazi. Kufuli akakubali kushindwa kiungwana, akawa anamtania tu kila asubuhi.

Sasa sikia. Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, Kiraka alikuwa anapitia orodha ya walioingia kwenye mafaili. Kazi ya kuchosha, majina tu na saa. Akaona jina la muuguzi wa wodi ya watoto, ameingia jana, amefungua mafaili mia tatu ndani ya dakika sita.

Huyo muuguzi alikuwa likizo ya uzazi. Kiraka akampigia.

"Dada, jana uliingia kwenye kompyuta?"

"Mimi? Nina mtoto wa siku nne hapa hajui usiku wala mchana, kompyuta ya nini? Hata kuoga sijaoga!"

Kiraka akakata simu. Akarudi kwenye orodha, akasoma hatua za huyo mtu moja moja. Mara ya kwanza, jina sahihi, neno la siri tupu, amekataliwa. Mara ya pili, tupu, amekataliwa. Mara ya tatu, tupu tena, amefunguliwa.

"Kufuli, njoo uangalie."

Akaandika jina la mganga mkuu. Neno la siri hakuandika kitu. Akabonyeza. Imekataa. Akabonyeza. Imekataa. Akabonyeza.

Mlango ukafunguka.

Kufuli akatoa macho. Utani wote ulimwisha. "Chomoa," akasema. "Chomoa mtandao wa jengo zima sasa hivi."

Wakachomoa. Mapokezi wakaanza kulalamika, maabara wakapiga simu, na Kiraka hajibu mtu, anachimba. Hapo ndipo uzuri wa mfumo wa wazi ulipo, na siku hiyo aliuona ubaya wake. Kila mstari una historia. Nani ameuandika, nani ameuruhusu, siku gani, saa ngapi, haifutiki. Ilimchukua dakika ishirini tu. Mistari kumi na moja ilibadilishwa mwezi wa tatu, miezi mitano nyuma. Imeletwa na mtu anayejiita Mgeni. Chini yake: imesomwa na kuruhusiwa na. Halafu jina la mjomba wake, majina yote mawili, kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa yake ukutani nyumbani kwake.

Maoni ya wengine: hakuna. Waliofungua ukurasa huu kuusoma: mmoja.

Kiraka akashika tama.

"Ni mzee?" Kufuli akauliza pole pole.

"Ni yeye."

Kufuli akavuta kiti akakaa karibu, funguo zake kazishika kwa mkono zisilie. "Nisikilize. Tundu tumeliona mimi na wewe. Tuzibe hapa kwetu, tunyamaze. Mengine yatazibwa taratibu kwenye toleo lijalo, hakuna haja ya kutaja nani wala lini. Mzee abaki na heshima yake."

"Na hospitali nyingine? Na shule? Bawabu yuko kila mahali, Kufuli."

"Najua."

"Ndivyo mnavyofanyaga huko kwenu kwenye kufungwa?"

Alimkata maini, na alijua. Kufuli akaangalia sakafu.

"Nilikokuwa kabla ya hapa," akasema, "tulikuwa na mfumo wa kampuni. Siku moja wakatutumia kiraka, hakuna maelezo. Baadaye jamaa yangu mmoja wa kule ndani akaniambia, lile tundu walilijua miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja, Kiraka, watu wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeaibika. Hakuna aliyetajwa. Aliyekosea walimfanyia sherehe ya kumuaga, nasikia na keki." Akasugua uso. "Sijawahi kumwambia mtu. Nakwambia ujue tu nini ninakushauri. Najua ni kitu gani."

Kiraka akainuka, akachukua mkoba wake.

"Mganga mkuu anataka majibu kesho asubuhi," Kufuli akamwambia. "Kama tunabaki na huu mfumo au tunarudi."

"Kwanza naenda kwa Mjomba. Siwezi kumwandika mtu nyuma ya mgongo wake."

Kutoka hospitali hadi kwa Mjomba ni mwendo wa robo saa, na yeye alikuwa anakwenda kila Jumapili, anakaa saa moja, mbili, simu mkononi, anaondoka. Njia nzima alikuwa anajiambia kuna maelezo. Labda mtu kaiba ufunguo wake. Labda mzee aliumwa siku hiyo.

"Karibu, mpwa!" Sauti ilitoka ndani kabla hajagonga. Siku zote alikuwa anamtambua kwa mlio wa viatu, na Kiraka alikuwa anaona ni mapenzi tu. "Leo Jumanne, umefukuzwa kazi?"

"Bado, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Wakikufukuza njoo, nina nafasi ya mpishi."

Sebule ilikuwa ile ile. Printa imefunikwa kitambaa, cheti ukutani, rafu ya majalada yamepangwa kwa miaka. Mzee akamimina chai, na kidole chake cha shahada kimeingia ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipogusa kidole, akaacha kumimina.

Kiraka alikuwa ameshaona hicho kidole. Jumapili ngapi? Nyingi tu. Na zile barua anazoombwa kusoma, "miwani sijui nimeiweka wapi." Miwani ilikuwa juu ya redio. Ilikuwa juu ya redio mwaka mzima, ina vumbi.

Akaenda kwenye rafu akatoa jalada la miaka mitano nyuma. Karatasi zimejaa, herufi ndogo ndogo, mistari sitini kwa ukurasa, alama nyekundu zimesimama pembeni kama askari wa gwaride. Akatoa la miaka mitatu nyuma. Herufi zimekuwa kubwa, mistari ishirini. Mwaka jana, mistari kumi. Alama nyekundu zimeanza kuhama, nyingine ziko katikati ya neno, nyingine zinaelea pasipo na kitu. Mwanzoni mwa mwaka huu, mistari sita tu kwa ukurasa, herufi kubwa kama za bango la duka, changarawe za wino zinaonekana.

Mwezi wa tatu.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Akaigeuza. Nyeupe. Hakuna mstari, hakuna herufi, hakuna nukta. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, mwandiko unaopanda mlima: Nimesoma.

Na inayofuata. Na inayofuata. Hadi wiki iliyopita, karatasi nyeupe pe, Nimesoma, Nimesoma, Nimesoma.

"Unatafuta nini huko?" Mjomba akauliza. "Chai inapoa."

"Mjomba, hii karatasi haina kitu."

"Ipi?"

"Ya mwezi wa tatu. Umeandika umesoma. Lakini ni nyeupe."

Mzee akaweka birika chini, akakosa meza kidogo, akaisogeza. "Nyeupe yote?"

"Yote."

Akanyoosha mkono. Kiraka akampa. Akaipapasa kwa dole gumba, juu mpaka chini, taratibu kabisa, kama mtu anayempapasa mtoto kujua kama ana homa.

"Wino," akasema. "Wino uliisha."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni, gurudumu moja linapiga kelele, likapita, likaisha.

"Mimi nilidhani ni macho," Mjomba akasema. "Daktari alinieleza yataondoka, hakusema siku gani. Siku ile nikatoa karatasi, nikaweka rula, sikuona kitu. Dirisha nilikuwa naliona. Mkono wangu nauona. Nikasema basi, herufi zimeniaga. Nikakaa hapa mpaka mchana." Akairudisha karatasi mezani. "Halafu nikasema, huyu Mgeni miaka miwili hajanikosea. Nikaandika. Toka siku hiyo sikukaza macho tena, mpwa wangu. Natoa tu karatasi kwa mazoea, naandika. Kumbe siku ile nilikuwa bado naona kidogo. Ulikuwa wino."

"Na sasa?"

"Sasa hata dirisha nakisia."

Kiraka alijikaza kisabuni lakini wapi, machozi yalishafika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya funguo za Bawabu."

"Ningekusomea!"

"Ungenisomea." Hakusema kwa ubaya, alikuwa kama anaonja hilo neno. "Haya niambie. Una miaka mingapi kwenye hii kazi?"

"Tisa."

"Umeshawahi kusoma Bawabu? Hata mara moja, kuanzia juu mpaka chini?"

Kiraka akalifunga jalada. Alisimama mbele ya kikao akaapa kuna macho elfu. Toleo la mwezi wa tatu aliliweka yeye, kwa mkono wake, huku anaongea na simu.

"Nilijua unasoma wewe," akasema mwishowe.

"Kila mtu alijua hivyo," Mjomba akasema. "Huyo Mgeni, unajua? Ndiye pekee aliyekuwa ananiandikia. Kompyuta inanisomea barua zake kwa sauti, ila mistari ya Bawabu ikiisoma naambulia vurugu tu. Mzee umeamkaje, mzee mgongo vipi, mzee pumzika mengine niachie mimi. Wengine wakiandika ni kudai tu, hiki hakifanyi kazi, kile kimechelewa." Akageuza uso kwenye upande wa sauti ya Kiraka. "Amefanya nini?"

Hapo ndipo akamweleza. Neno la siri tupu, mara tatu. Muuguzi na mtoto wa siku nne. Mafaili mia tatu. Na ushauri wa Kufuli, nao akamweleza wote, hakuficha, kwamba wanaweza kuziba kimya kimya, jina lake lisiguswe.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi hakijainuliwa. Miaka kumi na tisa alikuwa anasema jambo moja tu la kujisifu huyu mzee, na alilisema kwa kila mgeni: kwa Bawabu hajapita mwizi.

"Lete kompyuta," akasema. "Panapokaguliwa neno la siri ni mstari wa mia mbili na kumi na mbili, kabla hajaugusa ulikuwa unasema hivi." Akaanza kuusoma kwa kichwa, neno kwa neno, mabano na mikato yake. Na wa kufuata. Na wa kufuata. Kiraka akalinganisha na historia ya zamani. Haikupungua hata nukta. Mzee alikuwa na Bawabu mzima kichwani, na hakuwa na namna ya kuona mlango wake umefanywa nini.

Wakaifuta mistari kumi na moja, wakarudisha ya zamani, Kiraka akajaribu. Tupu mara tatu, imekataa. Mara kumi, imekataa.

"Sasa tangazo," Mjomba akasema. "Waambie wenye Bawabu wote wazibe leo. Andika, halafu nisomee."

Kiraka akaandika, akafuta, akaandika. Akasoma kwa sauti: "Kasoro imegundulika, ambayo kwa bahati mbaya ilipita bila kuonekana..."

"Bahati mbaya ndio nani?"

"Mjomba..."

"Ana jina? Anakaa wapi? Mimi siku zote nimewadai watu waandike nani, lini, na kwa nini. Leo zamu yangu unataka kunipaka mafuta. Weka jina langu. Weka kwamba sikuwa naona. Weka na ile karatasi nyeupe, ili ajaye ajue kabisa kosa lilipitia wapi."

"Watakusema."

"Watanisema nikiwepo. Afadhali kuliko wakutane na tundu wenyewe."

Akaandika. Mkono ulikuwa mzito kama anachimba kaburi. Halafu kikabaki kimoja: kujiondoa. Mjomba alitaka kukifanya mwenyewe. Akavuta kompyuta, vidole vikapata herufi bila shida, akaandika maneno yake ya siri, akaenda kwenye orodha ya walinzi wa Bawabu. Kompyuta ikaongea kwa ile sauti yake isiyo na moyo: "Orodha ina jina moja. Ukijiondoa hakuna atakayebaki. Niendelee?"

Wote wawili wakasikia. Jina moja.

"Ongeza lako kwanza," Mjomba akamwambia. Kiraka akaongeza. Kisha mzee akabonyeza, akarudisha mikono mapajani, ikakaa hapo kama vitu vya mtu mwingine.

Tangazo lilitoka saa nane mchana. Saa tisa simu ya Kiraka haikai. Saa kumi inaunguruma juu ya meza inasogea yenyewe.

"Wangapi wamesoma?" Mjomba akauliza.

"Elfu nne na mia mbili."

Mzee akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, kilichokosa pumzi njiani. "Si huwa unasema macho elfu? Wamezidi. Leo ndio wamekuja."

"Wamekuja, Mjomba."

"Kama msibani. Enhe, nisomee wanavyosema."

Akamsomea. Wengi walishukuru. Wengine waliuliza maswali ya kazi. Mmoja wa mbali huko aliandika kwamba alianza kujifunza kwa Bawabu, akiwa na miaka kumi na tano, pole sana mzee. Kiraka akasoma mwingine, na mwingine, halafu akavuta pumzi, akaendelea.

"Umeruka," Mjomba akasema.

"Sijaruka."

"Nimesikia umeruka. Nisomee."

Kiraka akarudi nyuma. Akasoma: "Miaka yote hii tumelindwa na kipofu. Aibu."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza. "Sawa," akasema. "Endelea."

Asubuhi yake mganga mkuu aliwaita. Alikuwa na ripoti mezani, ameisoma yote, hakugomba. Mafaili mia tatu yalikuwa yameshaondoka na maji, na familia mia tatu zilitakiwa kupigiwa simu na kuambiwa, na alisema atapiga mwenyewe.

"Tunarudi kwenye mfumo wa zamani," akasema. "Ule wa kampuni."

"Dokta, kule hutaona ndani," Kiraka akasema. "Huku tumeliona tundu, tumejua lilivyoingia, tumeliziba siku hiyo hiyo, na dunia nzima imeziba."

"Naelewa. Lakini miaka sita tuliyokuwa kule, sikuwahi kusikia habari mbaya hata moja."

Kufuli, aliyeshinda, aliyekuwa na kila haki ya kucheka mpaka jino la mwisho, aliinamisha kichwa. "Dokta," akasema, "kutosikia..." Akaishia hapo. Walipotoka nje hakumtania. Alimshikia tu mlango. Na asubuhi zilizofuata hakuuliza tena habari za macho. Ofisi ikawa kimya, feni peke yake ndiyo inayolalamika.

Jumapili ilipofika Kiraka alikwenda kwa Mjomba na kopo la wino mkobani. Kulikuwa na mabadiliko mapya yameletwa, mistari saba tu, mtu mmoja amerekebisha makosa madogo. Angeweza kuyasoma kwenye simu njiani. Akatoa kitambaa kwenye printa, akaweka wino, akabonyeza, ile sauti ikajaa sebuleni. Mzee aliacha kutafuna.

Kiraka akaketi karibu yake, akaweka rula. Akasoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja. Mjomba alisikiliza ameinamisha sikio, mara mbili akamsimamisha, "rudia hapo," akarudia. Walipomaliza, mkono wa mzee ulienda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Ulijua ilipo. Ukaishika, ukaizungusha kidogo kwenye vidole.

Kisha akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa mpwa wake.

Kiraka akaichukua. Akaweka ncha chini ya karatasi.

"Karatasi ina maandishi?" Mjomba akauliza.

"Inayo, Mjomba."

"Una hakika?"

Akainua kalamu, akaangalia tena, kuanzia mstari wa kwanza.